Uvimbe Uliopewa Jina Mapema

Mwalimu mstaafu mmoja, tuseme wa Tanga, alikatwa titi kwa saratani akapona. Mwaka wa saba, kipimo cha CT kikaonyesha uvimbe juu ya figo ya kulia, kwenye tezi ya adrenali. Kila aliyesoma majibu alitamka neno moja: imerudi.

Si upuuzi kuwaza hivyo. Saratani ya titi hufika huko, hasa ile inayoanzia kwenye vijitezi vya maziwa. Ila ni nadra iishie hapo tu. Kwa kawaida hukutwa pia kwenye mifupa, ini au mapafu. Uvimbe wa mwalimu ulikuwa peke yake, na wote wakafurahi: kitu kimoja, kitolewe, yaishe. Familia ikauza kiwanja.

Habari za jasho lake hakuna aliyezifuatilia. Mwalimu alikuwa akishikwa ghafla, moyo ukienda mbio, kichwa kikimgonga, jasho likimtiririka, kisha hali inatulia. Kliniki walimwambia ni vidonge vya homoni, na kweli vidonge hivyo huwatoa jasho wanawake wengi. Binti yake alikuwa akimpima presha nyumbani na kuandika kwenye daftari la duka: leo 120 kwa 80, kesho 190 kwa 110. Daktari hata mmoja hakulifungua.

Siku ya upasuaji, mkono ulipougusa uvimbe tu, presha ya juu iliruka ikapita 250. "Acha! Toa mkono!" daktari wa usingizi akapaza sauti. Wakamfunga bila kutoa kitu, akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Tezi ya adrenali ndiyo inayotengeneza adrenalini. Kuna uvimbe uitwao feokromositoma unaoizalisha kupita kiasi, na ukishikwashikwa, au hata ukidungwa sindano ya kuchukua kinyama, huweza kuimwaga kwenye damu kwa mkupuo. Kuutafuta hakuhitaji maajabu: hupimwa metanefrini katika damu, au katika mkojo uliokusanywa saa 24. Ukikutwa, mgonjwa huanzishiwa dawa za kulegeza mishipa wiki moja au mbili kabla ya kisu. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo zisitangulie, zinaweza kuipandisha presha zaidi. Hata mgonjwa ambaye saratani yake imerudi kweli hustahili kipimo hicho kwanza. Tezi ya pili nayo iangaliwe kama inajiweza, kwani asiye na hata moja humeza steroidi maisha yake yote, na akizikatiza anaweza kufa.

Mwalimu aliandaliwa upya, akapasuliwa salama. Majibu ya patholojia: feokromositoma, bila chembe ya saratani ya titi.

Mpasuaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza binti kwamba historia ya titi ndiyo iliyowapoteza njia.

"Nimekuelewa, Daktari," binti akasema, akitoa daftari mkobani. "Sasa naomba ulisome."