Mkataa Kwao

Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, na methali hii huwa nyepesi mdomoni mwa mtu ambaye kwao kupo, njia ya kurudi iko wazi, na jina la babu yake halijawahi kumponza. Nimeisikia ikirushwa hapa Mbarara, mji wa Ankole magharibi mwa Uganda, kwa kijana wa Kikongo aliyekuwa amemwambia mwajiri wake kwamba yeye ni Mnyankole. Aliyemrushia alikuwa Mkongomani mwenzake. Kijana hakujibu. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza methali ile inamhukumu nani hasa: yule aliyekana kwao, au wale waliofanya kutaja kwao kuwe hatari.

Kijana yule alitoka Nakivale, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, upande wa kusini karibu na mpaka wa Tanzania. Makazi yale ni ya zamani kuliko uhuru wa Uganda. Waliopokelewa mwanzoni walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda baada ya machafuko ya 1959. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, jumla yao zaidi ya watu 150,000. Uganda haikuwanyima mlango. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda watakako, na kwa miaka mingi aliyepokelewa Nakivale amekuwa akipewa kipande cha ardhi ajenge na alime. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: hapa methali hiyo ilitiwa katika sera ya nchi. Wema huo ni wa kweli, na neno lolote nitakalolisema lisomwe nao ukiwa mezani.

Ila jembe haliji bila maswali. Jina lako, jina la baba, la mama, kijiji, kabila, ulikimbia lini, ulimkimbia nani. Miaka inapita, jina lako linatokea katika orodha ya wanaofikiriwa kupelekwa nchi ya tatu, na maswali yaleyale yanarudi, mbele ya mtu mwingine aliye na majibu yako ya kwanza katika faili. Kusahau mwezi kunaweza kuonekana uongo. Ndugu wa tumbo moja wenye majina tofauti hutakiwa wajieleze, ingawa Rwanda, Burundi na hata hapa Ankole kila mtoto amezoea kupewa jina lake mwenyewe na hakuna jina la ukoo la kurithishana. Basi familia hujifunza kuyasimulia maisha yao yakiwa yamenyooka. Simulizi hiyo huiita kesi, na kesi nzuri ni ile isiyo na kona.

Hapo ndipo ninapoumia. Maisha ya watu wa Maziwa Makuu yamejaa kona, na mara nyingi utu wao umekaa katika kona hizo. Bibi alikuwa wa kabila la upande wa pili. Jirani aliyetoka kwa washambuliaji aliwaficha watoto nyuma ya ghala kwa siku tatu. Mjomba aliwahi kubeba bunduki kwa mwezi mmoja, akatoroka kwa sababu hakuweza kuua. Mambo kama hayo mtu mwenye akili hayatii katika kesi, maana yanaichafua. Akishayaacha nje mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, watoto wanaomsikiliza mlangoni wanakua na hadithi moja tu: sisi wema, wale wabaya, tukakimbia. Jirani yule aliyewaokoa anapotea katika kumbukumbu za familia, na hakuna aliyekusudia apotee.

Njoo kwenye chakula. Mwezi wa Julai 2023, fedha za wafadhili zikiwa zimepungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kufuatana na udhaifu wao. Wanaohesabiwa kuwa dhaifu zaidi walibaki na asilimia 60 ya rasheni, kundi la kati asilimia 30, na wanaohesabiwa kuwa wanajitegemea waliondolewa kabisa. Siwalaumu waliokabidhiwa kugawa kidogo kisichotosha. Nautazama ujumbe unaomfikia mama aliyetoka Bukavu na cherehani yake, anayejua kukata gauni likamkaa mteja kama alivyotaka. Wageni wanaopita na kamera humsifu kwa kujitegemea. Fomu inayokuja baadaye inaweza kumwondolea unga kwa sababu hiyohiyo. Akiificha cherehani siku ya kuhesabiwa, nani atamwita mwongo? Ustadi wake ndio yeye hasa, ndicho kitu alichovuka nacho mpaka bila kunyang'anywa, na ndicho anachoshauriwa na njaa asikionyeshe.

Mbarara inadai kinyume chake. Nakivale inafaa uonekane umevunjika. Hapa mjini inafaa usionekane umetoka huko kabisa. Sheria inakupa kazi, lakini mwenye duka anataka kitambulisho anachokifahamu, na mwenye nyumba anataka mpangaji ambaye kwao kunajulikana. Kinachokuumbua haraka ni Kiswahili. Msomaji wa Pwani au wa Bara atashangaa, maana kwake Kiswahili ni lugha ya watu wote. Uganda kilibeba mzigo mwingine: wengi walikisikia kwanza mdomoni mwa askari, na enzi za Idi Amin kilikuwa lugha ya amri na kizuizi cha barabarani. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kukifanya lugha rasmi na somo la lazima, jambo ninalolifurahia, ila sokoni mambo hayageuki kwa azimio. Msichana wa Kikongo anayezungumza Kiswahili kitamu na mama yake asubuhi Nakivale, akishuka kwenye teksi Mbarara anahamia Kinyankole, na simu ya mama ikiita anaiacha iite mpaka afike pembeni pasipo watu.

Kujificha huku si kugeni katika Ankole. Walikufanya pia watoto wa wakimbizi wale wa kwanza. Wanyarwanda wengi waliokulia Uganda miaka ya 1960 na 1970 walisoma, wakapata kazi na wakaoa kwa kujitambulisha kuwa Wanyankole. Lugha zinakaribiana, ng'ombe ni walewale wa pembe ndefu, majina yanafanana. Mmoja anayejulikana sana kati yao alizaliwa Rwanda akaitwa Emmanuel Gisa, akaletwa mtoto mdogo katika kambi ya Nshungerezi, hapahapa Ankole. Mwaka 1976 alikwenda Tanzania kujiunga na wapiganaji wa Yoweri Museveni, na huko akaanza kujiita Fred Rwigyema. Alipigana vita vya kumwondoa Amin, akapigana tena msituni, na baada ya 1986 akapanda hadi kuwa naibu kamanda wa jeshi na naibu waziri wa ulinzi. Nchi ilimpokea kwa jina alilolichagua muda wote ilipomhitaji vitani. Amani ilipotulia, minong'ono ikaanza kwamba Mnyarwanda ameshika jeshi la Waganda, na mwaka 1989 akaondolewa madarakani. Tarehe 1 Oktoba 1990 aliongoza uvamizi wa Rwanda kutokea Uganda, na siku ya pili yake akauawa. Siwezi kuitetea vita ile, wala kuyapima yote yaliyoifuata. Ninachokiona ni mtu aliyelipa kila alichotakiwa kulipa ili awe wa hapa, akaja kuambiwa kwamba bado si wa hapa.

Na wasiokuwa na vyeo waliambiwa mapema zaidi. Oktoba 1982, chini ya serikali ya Rais Obote, viongozi wa chama tawala wa maeneo haya na vijana wao waliwafukuza watu waliowaita Wanyarwanda, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Maelfu walivuka mpaka, wengine wakasongamana Nakivale. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo raia wa Uganda, wakiwamo Wahima wa Ankole, kwa kuwa tu walionekana kufanana na waliotafutwa. Unaweza kujificha vizuri usiku na mchana, na jirani aliyeamua kukutafuta akakupata hata kama siye wewe.

Ninawafikiria zaidi wale ambao hawana hata pa kujifichia. Nakivale yenyewe ina vijiji vinavyojulikana kwa mataifa na lugha za wakazi wake, na watu hupenda kukaa na wao, jambo la kibinadamu kabisa. Familia ya baba Mhutu na mama Mtutsi itakaa wapi? Mnyamulenge wa Kongo aliyeoa Mbembe wa hukohuko, huku ndugu za pande zote mbili wakiwa wamezika watu wao, atasali kanisa gani Jumapili? Kwa baba wanamtazama mke, kwa mama wanamtazama mume, na mtoto kila anakokwenda anatakiwa achague nusu yake moja na aikane nyingine. Mtoto yule, akijisema alivyo, atakuwa ameutaja ukanda mzima kwa sentensi moja. Ndiyo maana haulizwi ili ajibu. Anaulizwa ili anyamaze.

Wapo wahubiri na washauri wa vijana wanaofika Nakivale na neno jema: uwe wewe, usiogope watu watasema nini. Kwa kijana anayeogopa kuchekwa, neno hilo ni dawa. Kwa aliyeona jina likiua ni ushauri mwepesi mno, kwa sababu gharama ya kuufuata haimwangukii aliyeutoa. Mimi nashikilia kwamba anayemtaka mtu aseme ukweli wake anadaiwa kwanza kuonyesha atakavyomlinda akishausema. Mwajiri, karani, mchungaji, jirani, wote wanadaiwa. Na bado sitasema kwamba kujificha hakuna hasara kwa anayejificha. Jina la kujihifadhi huanza kama koti la mvua, na mvua ya nchi zetu imechukua zaidi ya miaka 60. Wapo wazee Mbarara waliokufa na majina ya ujanani mwao, na wajukuu waliyasikia kwa mara ya kwanza kaburini, kutoka kwa mgeni aliyekuja na basi.

Kila mwaka jambo hili hurudi kwa sura ndogo katika shule za msingi za Nakivale, wakati wa kuwaandikisha watoto wa darasa la saba kwa mtihani wa taifa. Jina linaloandikwa pale ndilo litakalokaa kwenye cheti, na kulibadili baadaye ni kazi na gharama. Wazazi wengine hutoa jina la Kikristo na la Kinyankole, mtoto apate kupumua huko mbele. Wengine husisitiza jina alilotoa babu, litoke lote, hata likimshinda karani kuliandika. Kuna wanaoandika yote mawili. Siwezi kumwambia mzazi yeyote kati yao kwamba amekosea. Ningependa tu mwalimu mwenye fomu asiijaze haraka akiwa amesimama mlangoni, ampe mzazi siku mbili, na katika siku hizo mtoto mwenyewe aelezwe jina lake lilitoka kwa nani, huyo mtu alikuwa nani, na kwa nini wanafikiria kuliacha. Ana miaka 12 au 13. Anaweza kusikia hayo, na aulizwe yeye anataka kuitwa nani.