Uso Wako Hauko Sokoni

*Darsa ya Ramadhani, siku ya 16*



Darsa ya leo imetokana na ujumbe ulioingia kwenye simu yangu wiki iliyopita, baada ya Tarawehe, mida ya saa tano usiku. Uliandikwa hivi: "Shikamoo ustadhi. Samahani kwa usumbufu. Eti sindano ya kwenye kidevu inafunguza?"

Nikajibu kama ninavyojibu kila mwaka. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema sindano ambayo si chakula wala haichukui nafasi ya chakula, ikipigwa kwenye nyama au chini ya ngozi, haibatilishi saumu. Halafu nikauliza: unaumwa nini binti yangu?

Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika kwamba haumwi. Ni dawa ya kuyeyusha mafuta. Ameiona mtandaoni, akalipa kwa simu, mzigo ukaja na basi kutoka Dar: vichupa viwili na mabomba ya sindano. Anajichoma mwenyewe mbele ya kioo huku anafuata video. Mfungo mosi kuna harusi ya dada yake, na hataki kwenye picha aonekane ana videvu viwili. Kichupa cha kwanza kimeisha. Alitaka kujua tu kama cha pili apige mchana, au asubiri mpaka afuturu.

Ameniruhusu niwasimulie haya, ila nisitaje jina wala mtaa. Nawaomba na ninyi msianze kutafuta ni nani. Anayemtafuta hajaielewa darsa.

Nilimpa simu mama wa nyumbani kwangu azungumze naye, maana mengine mwanamke humwambia mwanamke mwenzie. Ndipo ikajulikana kwamba pale alipojichoma pana uvimbe mgumu unaouma, ngozi imeanza kuwa nyeusi, na akicheka upande mmoja wa mdomo haushuki. Asubuhi yake mke wangu akampeleka hospitali. Daktari akamwambia anywe dawa na asifunge, akafungua. Siku hizo atazilipa akipona, inshallah. Allah katuwekea ruhusa ya mgonjwa, na kuitumia si udhaifu wa imani.

*Dawa yenyewe ni nini?*

Niliuliza wanaojua, kwa sababu mtu asihukumu asichokielewa. Ndani ya nyongo ya mwanadamu mna asidi ambayo kazi yake ni kusaidia kuvunjavunja mafuta ya chakula tumboni. Wataalamu wakatengeneza asidi hiyo iwe dawa ya sindano. Mwaka 2015 Marekani waliiruhusu, lakini kwa mafuta ya chini ya kidevu tu, na mkononi mwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa. Inafanya kazi kwa kupasua ukuta wa seli ya mafuta. Shida ni kwamba ikiingia pasipo pake, haichagui. Inaweza kuua ngozi, ikaacha kidonda na kovu. Na kando ya taya unapita mshipa wa fahamu unaovuta mdomo wa chini. Ukiguswa huo, mtu anacheka kwa upande mmoja.

Sasa hiyo ndiyo dawa halisi, iliyopimwa. Kile kichupa kilichokuja na basi, nani anajua ndani mna nini? Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu sindano za namna hii zisizoidhinishwa, baada ya watu kupata makovu, maambukizi, vivimbe na maumivu makali. Hao ni watu wenye hospitali kila kona. Hapa kwetu dawa inatakiwa iwe imesajiliwa na TMDA, na sindano ipigwe na mwenye kuijua. Na wale wanaochangia bomba moja shosti kwa shosti ili kupunguza gharama, wakumbuke kuna Ukimwi na kuna homa ya ini. Wala sisemi sindano peke yake. Mkorogo wenye zebaki nao ni mlango huohuo. Zebaki haiishii usoni, inakwenda mpaka kwenye figo.

Haya ni ya madaktari. Mimi nirudi kwenye kazi yangu.

*"Lakini ustadhi, ni mwili wangu"*

Binti huyu ni msomi na ana adabu, hakunijibu kwa jeuri. Lakini alisema neno ambalo nalisikia kwa vijana wengi, na hata kwa watu wazima: pesa ni yangu, uso ni wangu, nikiumia naumia mimi. Namdhulumu nani?

Ni swali zuri, na nisingependa kulijibu kwa kukemea. Tuliangalie kwa huu mwezi tulio nao.

Saa tisa mchana, jua la Tabora mnalijua. Ndani kuna maji. Mtungi ni wako, maji umeyalipia, koo ni lako, na mlango umeufunga hakuna anayekuona. Mbona hunywi? Maji ni halali, siyo pombe. Hunywi kwa sababu unajua kwamba "ni changu" halijawahi kuwa neno la mwisho. Yupo aliyekupa, na aliyekupa ana haki ya kukwambia subiri. Siku 29 au 30 tunalikiri hilo kwa matumbo yetu. Basi tutalikanaje kwa nyuso zetu?

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, miongoni mwa mambo ambayo mja ataulizwa Siku ya Kiyama kabla miguu yake haijaondoka ni mwili wake, aliuchakaza katika nini. Kitu cha kuulizwa ni amana. Chako kabisa hakuna anayekuuliza.

Sisi watu wa Unyamwezi tunapaswa kulielewa hili kuliko wengi. Babu zetu walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo kutoka Ujiji na hapa Tabora mpaka Bagamoyo, miezi njiani. Mpagazi alikuwa na uhuru juu ya mzigo: kuubadilisha bega, kuufunga vizuri kamba ikilegea, kuufunika mvua ikija. Lakini hakuwa na ruhusa ya kuupasua porini ili autengeneze upendeze. Angefika pwani aseme nini kwa mwenye mali?

*Kwa hiyo kujipamba ni haramu?*

Hapana. Na hapa niwe mwangalifu, maana kuna ndugu wanapenda kuharamisha kila kitu. Mtume ametwambia Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Hina, wanja, mafuta mazuri, kanzu iliyopigwa pasi, ndevu zilizochanwa, vyote hivyo ni kuutunza mzigo. Hata kupunguza unene kwa kula kiasi na kutembea ni jambo jema, na Ramadhani ingetusaidia sana kama tusingekuwa tunalipiza kisasi wakati wa futari.

Na tiba pia imo. Sahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake vitani kabla ya Uislamu. Akaweka pua ya fedha, ikamletea harufu. Mtume akamwelekeza aweke ya dhahabu, na sote tunajua dhahabu kwa mwanamume ina hukumu gani. Maana yake ni kwamba aliyeungua, aliyezaliwa na mdomo wa sungura, aliyeumizwa na ajali ya bodaboda, akitengenezwa na daktari habadilishi maumbile. Anarudishiwa kilichopotea. Kati ya Arfaja na yule anayebadili umbo zima kwa ajili ya kujifaharisha kuna mambo mengi ambayo wanazuoni wanatofautiana, na mwenye jambo lake mahususi aje tuzungumze. Lakini kujichoma kitu usichokijua, mkono usiofunzwa, karibu na mshipa usioujua, hilo halina tofauti za wanazuoni. Qur'ani katika Suratul Baqara inatukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Kwa huyu binti hata mkono ulikuwa wake hasa.

Na ninyi mnaouza, najua mmo humu. Mtume amefundisha kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, basi akidhuru ni mdhamini, analipa yeye. Usiseme mimi nimeuza tu. Ulichuma faida kwenye uso wa binti wa watu, na faida hiyo ndiyo unafuturia.

*Nani alimpa bei?*

Sasa nifike palipoujeruhi moyo wangu.

Njia yetu hii ya msafara, ile yenye miembe mikongwe, haikupitisha pembe za ndovu na chumvi peke yake. Walipita na watu wamefungwa minyororo. Wengine waliishia soko la Unguja, mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Pale mnunuzi alikuwa anamkagua mtu meno, anamgeuza, anamtazama ngozi, ndiyo anataja bei. Leo hakuna anayetupeleka sokoni kwa mnyororo. Tunaamka asubuhi, tunashika simu, tunauweka uso wetu pale mbele, na tunasubiri watu wasiotujua watutajie bei. Ikiwa ndogo tunatafuta sindano.

Alikuwepo sahaba mmoja anaitwa Zahir, bedui, kwa sura hakuwa mzuri. Siku moja yuko sokoni anauza vitu vyake, Mtume akamjia kwa nyuma akamkumbatia, akawa anauliza watu kwa mzaha, nani atanunua mtumwa huyu? Zahir alipomtambua akasema: ewe Mtume wa Allah, utaona mimi sina soko. Mtume akamjibu kwamba mbele ya Allah yeye ni mwenye thamani kubwa.

Nimeisomesha hadithi hii madrasa miaka mingi. Nikaanza kumwandikia yule binti, nimtulize nayo. Nikaandika: usijali maneno ya watu. Akanijibu, kwa heshima zote: "Lakini ustadhi, hata wewe uliniambia."

Nikasahau kwanza. Akanikumbusha. Ilikuwa kwenye walima mwaka jana, anapita kugawa sahani, nikasema mbele ya wazee wenzangu kwamba binti huyu kidevu kimekuwa viwili, mume atakayekuja atalipa mahari mara mbili. Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka. Mimi nilikula pilau nikaenda kulala.

Ndugu zangu, utani ni urithi wetu. Wanyamwezi tuna watani mpaka pwani, umezaliwa na njia hiihii. Sisemi tuuache. Mtume naye alitania. Lakini tazameni mzaha wake ulimwacha wapi Zahir, na wangu ulimwacha wapi yule binti. Wa Mtume ulimtoa mtu sokoni. Wangu ulimrudisha, tena nikamtajia bei. Na mimi ndiye ninayesoma Suratul Hujurat kwenye mimbari, ile aya ya kutodharauliana na kutoitana majina mabaya.

Nilimwomba radhi. Amesema amesamehe. Amemrudishia mke wangu kile kichupa cha pili kikiwa hakijafunguliwa, na daktari ndiye aliyekichukua. Uvimbe unapungua. Mdomo bado. Daktari anasema mshipa wa fahamu mara nyingi hurudi pole pole, wiki hata miezi, hakumwahidi tarehe. Harusi ya dada yake atahudhuria hivyo alivyo.

*Tufanye nini leo?*

Kwanza, mwenye kichupa ndani asikitumie, na asimpe mwenzie. Aliyejichoma na anaona uvimbe, weusi, homa au mdomo kupinda, aende hospitali leo, asisubiri Idi, na aende na kichupa chenyewe wakione. Hakuna wa kumsema. Akiona haya, mke wangu atamsindikiza.

Pili, wazazi, wajomba na mashangazi: tangu sasa mpaka Maghribi, saumu yetu iwe pia ya kutotaja mwili wa mtu. Umenenepa, umekonda, umekuwa mweusi, hayo tuyaache. Mtaona jinsi ilivyo ngumu. Mimi jana nilijizuia mara tatu.

Tatu, kabla ya kulala, simama mbele ya kioo uutazame uso wako, umshukuru aliyeuumba. Paji hilo ndilo unaloliweka chini kwenye sijda, na hakuna kiungo chako kinachofika karibu na Mola wako kuliko hicho.

Ewe Mola wetu, umetuumba kwa umbo zuri, basi zifanye nzuri na tabia zetu. Mponye binti yetu na wagonjwa wote. Tusamehe ndimi zetu. Tutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Darsa baada ya Alasiri ipo kama kawaida, na leo maswali yaulizwe kwa karatasi bila majina, ili kila mtu aulize alichonacho.