TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Kibarua naye asikilizwe



Ndugu zangu, tujiulize leo. Mtumishi wa muda wa serikali, mfano kijana anayekusanya ushuru hapa mwaloni Kibirizi, akituhumiwa kula pesa, ana haki ya kusikilizwa? Au inatosha kumwambia, "Wewe kibarua tu, kesho usije"?

Turudi Suratun-Naml. Nabii Sulayman (a.s.) alikagua ndege wake, akamkosa Hudhud. Alitaja adhabu kali, hata kuchinja, lakini akaacha mlango wazi: labda alete hoja ya kueleweka. Hudhud akaja, akajieleza. Sulayman hakumkubalia papo hapo wala hakumkatalia. Alisema ataangalia kama ni mkweli, kisha akampa barua aipeleke Sabaa. Mfalme mwenye majeshi ya majini na watu amemsikiliza ndege mdogo! Wewe msimamizi mwenye muhuri mmoja, haraka ya nini?

Katiba yetu nayo, Ibara ya 13(6)(a), inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Kanuni za ajira za 2007 ziliweka kwamba mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na mwenzake wa kumsaidia. Lakini kinga ya Sheria ya Ajira ya 2004 dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haikumfikia aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Na vibarua wengi ndipo walipo. Basi hapo ndipo taqwa inapopimwa, pale sheria isipokubana.

Atasema mtu: "Fedha ya umma ni amana, tumlee mwizi?" Hasha. Ikithibitika, aondoke na alipe. Ila tutofautishe. Mkataba ukiisha umeisha, hilo halimchafui mtu. Ukimwondoa kwa jina la mwizi, umegusa heshima yake, na heshima haina mkataba wa miezi 3. Jina hilo litamfuata Ujiji, litapanda naye boti mpaka Kagunga, na watoto wake watafuturu nalo.

Kwa hiyo wewe msimamizi, mweleze tuhuma, mpe muda, msikilize, uchunguze, ndipo uandike barua. Na sisi majirani tusimhukumu mtu mwaloni kabla hata barua haijaandikwa.

Ya Allah, tujaalie uadilifu hata tukiwa na hasira. Aamin.