Msamaha Haufuti Deni la Damu

Barabara njema ni neema. Wazee wa Kilwa na Lindi wakumbuka jinsi masika yalivyowafungia watu upande huu wa Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Leo magari hupita Somanga, Nangurukuru na Mchinga kwa kasi, na juu ya lami ile ile hupita mtu wa baiskeli: mchuuzi na tenga lake la samaki, mkulima na gunia lake la ufuta, baba aliyempakia mwanawe. Uhai wake umo mikononi mwa yule amjiaye kwa nyuma.

Je, mikono ile ikiwa imelegea kwa kileo? Tarehe 7 Juni 2016, huko Kalamazoo, Marekani, dereva aliyelewa madawa aliwagonga waendesha baiskeli tisa. Watano wakafa, wanne wakajeruhiwa. Watu walikuwa wamekwisha kuwapigia polisi simu kwamba gari lile laendeshwa ovyo. Mwaka 2018 mahakama haikuliita jambo hilo ajali. Ilimhukumu dereva kuwa ni mwuaji, akafungwa kwa makumi ya miaka.

Kwetu husemwa upesi: “Ajali haina kinga.” Methali hiyo ni kweli kwa mti uangukao njiani, si kweli kwa mtu aliyekunywa, akaijua hali yake, kisha akashika usukani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chapambanua mambo hayo mawili. Ng’ombe akimwua mtu kwa pembe, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng’ombe yule alijulikana kuwa mkali, na mwenyewe alionywa wala hakumfunga, damu ile ni juu yake. Dereva naye ameonywa. Sheria ya nchi yamkataza, na Katekisimu ya mwaka 1992, ikieleza Amri ya Tano, yafundisha kwamba ahatarishaye uhai wa watu njiani kwa ulevi au kwa kupenda kasi ana hatia kubwa.

Lakini mara nyingi, kabla matanga hayajaanuliwa, waja watu na bahasha. Husema: “Marehemu harudi. Sisi ni Wakristo. Tusamehe, tuyamalize nyumbani.” Mjane asiye na chakula hutia kidole karatasini, na mashahidi hunyamaza. Twasema wazi: hapo jina takatifu la msamaha limefanywa kifuniko cha dhuluma.

Tumtazame Papa Yohane Paulo wa Pili. Alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Alimsamehe mtu yule, na tarehe 27 Desemba 1983 akamwendea gerezani, akaketi naye. Lakini mfungwa hakutoka naye siku ile. Aliendelea na kifungo mpaka serikali ya Italia ilipompa msamaha mwaka 2000. Msamaha huondoa chuki moyoni. Hauondoi ukweli, wala haki ya yatima.

Nawe dereva uliyeua, hatukutupi. Kanisa lakuwekea sakramenti ya Kitubio. Lakini kumbuka kwamba hiyo yataka majuto, maungamo na malipizi. Ajutaye huku akimhonga shahidi hajajuta bado. Zakayo hakuishia kusema samahani; aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Sema kweli mbele ya hakimu, ipokee adhabu, na uwasaidie watoto wa yule uliyemwua.

Nanyi mliofiwa, hamtendi dhambi mkidai haki. Toeni habari polisi, andikeni namba ya gari, waombeni walioona wasiogope kusema. Sheria yamlazimisha mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya wengine atakaowadhuru. Fidia hiyo ni haki ya mjane, si sadaka ya dereva.

Nasi sote tunayo kazi. Mwaka 2007 Vatikano ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva. Watutaka tuwazuie kwa upendo wasiofaa kuendesha, tuzisaidie jamaa za waliokufa, tuwalinde wanyonge njiani, na kwa wakati ufaao tuwakutanishe mkosaji na waliokosewa. Basi, mwenye baa asimwongezee kinywaji mwenye ufunguo wa gari, na rafiki amnyang’anye ufunguo huo. Pwani hii jirani zetu wengi ni Waislamu, ambao dini yao yawakataza pombe. Mkristo atokaye kilabuni akamwua jirani kama huyo, ameua na ushuhuda wetu pia.

Mungu alimwuliza Kaini habari za ndugu yake. Jibu lake kwamba yeye si mlinzi wake halikukubaliwa. Nasi tusitumaini kwamba letu litakubaliwa. Tuwaombee waliokufa barabarani raha ya milele, na walioachwa tuwatendee haki.