Eli na Samweli: Kumfundisha Kijana Kuitika

Soma 1 Samweli 3:1-18. Samweli alipoitwa, Eli alifanya nini? Ni jambo gani hakulifanya?

Mtoto Samweli alikuwa amelala hekaluni, huko Shilo, aliposikia akiitwa. Mara tatu aliamka akakimbilia kwa Eli, akidhani kwamba mzee ndiye aliyemwita. Mara mbili Eli alimrudisha akalale bila kufahamu jambo lililokuwa likitendeka. Macho yake yalikuwa yamefifia, na siku zile neno la Bwana lilikuwa adimu. Mara ya tatu ndipo alipotambua kwamba Mungu alikuwa akimwita mtoto.

Eli hakuitikia wito usio wake, wala hakumwambia Samweli atakuwa nani. Alimfundisha namna ya kuitika, kisha akamwacha arudi mahali pake asikilize mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya mlezi.

Palikuwa na vijana wengine Shilo. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, waliupata ukuhani kwa kuzaliwa, lakini hawakumjua Bwana (1 Samweli 2:12). Kazi takatifu waliyoirithi wakaigeuza kuwa njia ya kushibisha matumbo yao. Baba anaweza kumwachia mwanawe kazi. Hawezi kumwachia wito.

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nyumba hujaa sauti. Baba anataka daktari. Mjomba anasema ualimu hauna fedha. Majirani wanauliza binti amechaguliwa shule gani. Binti mwenyewe, anayependa kazi ya umeme, ananyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Mzee wa kanisa mwenye hekima hamwongezei sauti nyingine. Humwuliza: Ni kazi gani unaifanya vizuri hata bila kusimamiwa? Walimu wako wanaona nini ndani yako? Kazi hiyo itamsaidia nani? Huomba pamoja naye, na kumkumbusha kwamba si kila tamaa ya moyo ni sauti ya Mungu. Kila sauti hupimwa kwa Neno. Kisha humtafutia mshiriki aliye fundi umeme, ili kwa ruhusa ya wazazi aambatane naye wakati wa likizo, aone jasho la kazi hiyo na malipo yake, na jinsi fundi huyo anavyomweleza mteja kwamba siku ya Sabato hafanyi kazi. Tena humwambia ukweli mapema kuhusu ada, na kuhusu mitihani inayoweza kuangukia Sabato, kabla fomu haijajazwa.

Asubuhi ilipofika, Samweli aliogopa kumweleza Eli maono hayo, maana yalikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Lakini Eli alimtaka asimfiche neno hata moja, naye alipolisikia alilikubali kuwa limetoka kwa Bwana (mafungu ya 15-18). Hapa ndipo ulezi unapokuwa mgumu. Anayemfundisha kijana kumsikiliza Mungu lazima awe tayari kupokea jibu ambalo yeye mwenyewe hakulitaka. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili binti asome udaktari ataumia binti akichagua njia nyingine. Maumivu hayo ni ya kweli, wala hayapaswi kudharauliwa. Hata hivyo, kijana akijua kwamba akisema ukweli atafukuzwa, ataacha kuusema, na mlezi atabaki na utii wa mdomo tu.

Eli alikuwa ameshindwa kuwazuia wanawe. Pamoja na hayo, Mungu alimtumia usiku ule kumsaidia mtoto wa mwingine. Mzee anayetazama nyuma kwa majuto bado ana jambo la kumpa kijana, ikiwa mlango wake uko wazi kiasi cha kijana kuukimbilia hata usiku.

Baadaye Samweli naye aliongoza kundi la manabii (1 Samweli 19:20). Ellen G. White, katika kitabu cha Elimu kilichotolewa mwaka 1903, ametenga sura nzima kwa shule za manabii. Lakini Samweli huyohuyo aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakapokea rushwa (1 Samweli 8:1-3). Hata aliyefundishwa kuusikia wito anaweza kusahau kwamba hautolewi na baba.

Maswali ya Kujadili

1. Ni vijana gani katika kanisa lenu wanaosubiri matokeo au wanaochagua masomo sasa? Nani amewauliza wanafikiri nini?

2. Tengenezeni orodha ya kazi zinazofanywa na washiriki wa kundi lenu. Ni nani kati yao anaweza kumpokea kijana likizo ijayo?

3. Mzazi na kijana wakitofautiana, na wote wawili wameomba, kanisa liwasaidieje bila kumvunjia heshima yeyote?