Meza Yenye Sifa na Jasho la Wapishi

Je, kazi yenye sifa kuu yaweza kuwa na deni? Tutazame mkahawa wa elBulli, huko Roses, nchi ya Hispania. Mpishi Ferran Adrià aliingia humo mwaka 1984. Mwaka 1997 ukapata nyota 3 za kitabu cha Michelin. Mgeni hakuchagua chakula: aliletewa sahani ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, zaidi ya 30. Lakini mkahawa wenyewe ulikula hasara. Vitabu na mafundisho ndivyo vilivyoutegemeza. Tena mikono mingi jikoni ilikuwa ya wanagenzi wasiolipwa mshahara. Tarehe 30 Julai 2011 ukafungwa kwa hiari, ungali na sifa.

Wengine husema: wanagenzi walipata elimu, yatosha. Kweli, elimu ni mali. Lakini hapa Lubumbashi twajua kwamba asongaye bukari ya wengine ana watoto wanaomngoja jioni. Kazi isiyo na ujira huwezwa na mwenye kulishwa na baba yake. Maskini mwenye kipaji hubaki mlangoni. Basi tusihesabu nyota tu. Tuulize pia aliyeosha sahani amelipwa nini.