Sitara na Ghushi katika Khabari za Msiba

Ama baada. Ndugu zetu wa Tanga, Pangani na Mwambao wote, liko suala ambalo wengi wamelipima kwa ulimi kabla ya kulipima kwa akili, nalo ni hili: umma ukifikwa na msiba, je, yafaa mwenye khabari aufunike kwa neno laini, ili heshima isivunjike wala watu wasiingiwe na khofu?

Mfano wake hauko mbali. Maradhi ya korona yalithibitishwa Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Hesabu ya mwisho iliyotolewa mwaka ule, mwezi wa Mei, ilikuwa wagonjwa 509 na waliokufa 21. Kisha hesabu ikanyamaza, na mwezi wa Juni ikatangazwa kuwa nchi imesalimika. Hata ulipoingia mwaka 2021, katika matangazo ya vifo likaenea neno hili, "changamoto ya kupumua". Neno lile halikuwa uwongo, kwani mgonjwa kweli alishindwa kupumua. Lakini aliyekwenda kumzuru mgonjwa au kumwosha maiti hakupata kujua kwa neno lile kama yampasa kujikinga.

Wala si insafu tusitaje hoja ya waliolipenda. Walisema: khofu hufunga masoko, na mchuuzi alaye kwa jasho la siku ile atakufa njaa kabla ya maradhi, tena Muislamu ameamrishwa kumsitiri mwenziwe. Hoja hizi zina uzito, ila zimechanganya maneno mawili.

Sitara ni kufunika aibu ya mtu, ambayo ikifunuliwa haimfai yeyote. Ama maradhi si aibu, na khatari ya wote si siri ya mmoja. Kumficha mtu jambo ambalo lau angelijua angejihadhari, hiyo si sitara. Jina lake ni ghushi. Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikapata maji. Mwenye mali akajibu kuwa ni mvua. Naye akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu, watu wapate kuiona. Zingatia, ewe msomaji: mchuuzi yule alipanga tu, kavu juu na mbichi chini. Na maneno nayo hupangwa vivyo hivyo.

Ni kweli wanavyuoni wameruhusu maaridhi, yaani neno lenye nyuso mbili, penye haja. Lakini si pale linapompotezea mtu haki yake. Na haki gani ipitayo ya uhai?

Mtazame Sayyidna Umar alipofika Sargh, akapashwa khabari ya tauni ya Sham. Hakuipamba khabari. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akatangaza mbele ya watu kuwa anarejea. Na Abu Ubayda alipompinga, alimjibu hadharani. Heshima yake haikupungua hata chembe.

Na kwetu vilevile. Mwisho wa Januari 2021 ilitangazwa kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameugua korona, maradhi yakatajwa kwa jina lake. Alifariki tarehe 17 Februari, na tangazo lile halikumvunjia heshima. Bali liliwaonya walio hai. Baadaye, Aprili 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuunda kamati ya wataalamu, nayo mwezi wa Mei ikashauri hesabu zitolewe tena. Na tarehe 28 Julai akachanjwa mbele ya macho ya watu.

Lakini tusiwalaumu wakubwa peke yao. Kweli inaponyamaza, uvumi hupanda mimbari. Na kunyamaza kwa mkubwa hakumhalalishii mdogo kueneza asilolihakiki. Yule ameficha maji chini ya nafaka. Huyu amemwaga maji juu ya nafaka kavu. Wote wawili wameharibu chakula cha watu.

Basi kabla ya kutamka khabari ya msiba, jiulize: ni kweli? Aisikiaye atajua la kufanya? Na ninachokilinda ni nafsi za watu, au ni jina langu? Ikiwa ni jina lako, jua kuwa jina lililojengwa juu ya nafaka mbichi huoza pamoja nayo.

Wabillahi tawfiq.